Mvua ya Mawe Asumbi: Inakotoka, Historia Yake na Namna ya Kupunguza Hasara

Asubuhi ya mwezi wa Aprili, Asumbi huwa tulivu na jua huwa kali. Kufikia saa saba mchana, upepo umeanza kuvuma kutoka upande wa ziwa. Mashariki, juu ya milima ya Kisii, mawingu meupe yanarundikana kama pamba. Saa kumi jioni mawingu yaleyale yamekuwa meusi chini na marefu kwenda juu, na ngurumo zinasikika. Siku nyingi kinachofuata ni mvua ya kawaida ambayo mkulima anaihitaji. Siku chache huja kile ambacho kwa Dholuo huitwa pe: mawe ya barafu yanayogonga mabati hadi watu waliomo ndani wasisikilizane, na baada ya dakika kumi au kumi na tano mahindi yamebaki vijiti.

Hakuna ofisi inayoweza kuizuia mvua hiyo, wala kutaja mapema kijiji kitakachopigwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hasara haisababishwi na mawe yenyewe. Husababishwa na ukuta ulioachwa ukalowa, na watoto walioruhusiwa kwenda nyumbani wakati wingu limeshafika, na mahindi yaliyong'olewa siku ya pili ilhali yangeweza kupona. Mambo hayo matatu yako mikononi mwa wakazi.

Jinsi mawe yanavyotengenezwa

Jua linapopasha ardhi joto, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kupanda, ikibeba unyevu. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa, na unyevu wake hugeuka matone ya wingu. Katika eneo la ikweta, hewa hufikia baridi ya kugandisha maji kwenye kimo cha takriban mita 4,500 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Wingu la radi hupita kimo hicho na kuendelea kupanda kilomita nyingi zaidi.

Juu ya kimo hicho baadhi ya matone hubaki maji ingawa ni baridi kuliko barafu. Chembe ndogo ya barafu ikigusana na matone hayo, yanaganda juu yake papo hapo. Upepo unaopanda ndani ya wingu huiinua chembe hiyo na kuizuia isianguke, nayo huendelea kuvikwa barafu na kunenepa. Jiwe la mvua likipasuliwa katikati mara nyingi huonekana lina matabaka kama kitunguu. Upepo wa ndani ukishindwa na uzito wa jiwe, au ukilegea, jiwe huanguka.

Kwa hiyo ukubwa wa mawe hutegemea nguvu ya upepo unaopanda. Mengi yanayoanguka katika ukanda huu ni ya ukubwa wa punje ya mahindi au gololi, lakini hata hayo yakiambatana na upepo mkali hupasua majani na kuangusha maua. Jiwe zito zaidi kuthibitishwa duniani lilikuwa na uzito wa takriban kilo moja. Lilianguka Gopalganj, Bangladesh, tarehe 14 Aprili 1986, katika dhoruba iliyoua watu 92.

Ziwa upande mmoja, milima upande wa pili

Asumbi iko Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, si mbali na Rongo ya Kaunti ya Migori. Magharibi kuna Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mashariki ardhi inapanda hadi nyanda za juu za Kisii, ambako mji wa Kisii uko kwenye kimo cha takriban mita 1,700, kisha inaendelea kupanda kuelekea Kericho.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo hewa yenye unyevu huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Hewa hiyo ikifika kwenye miinuko hulazimika kupanda, na juu yake hukutana na upepo unaotoka mashariki. Mahali pepo hizo mbili zinapokutana ndipo mawingu ya radi huzaliwa. Kisha upepo wa juu, ambao mara nyingi hutoka mashariki, huyasukuma mawingu hayo kurudi upande wa ziwa jioni. Ndiyo maana mkazi wa Asumbi anayetaka kujua hali ya jioni hutazama upande wa Kisii kuliko upande wa ziwa.

Kimo cha ardhi nacho kina uzito wake. Jiwe linaloanguka Kisii hupita takriban kilomita tatu za hewa yenye joto kabla ya kugusa ardhi. Linaloanguka ufuoni mwa ziwa hupita zaidi ya kilomita tatu na nusu. Linaloanguka Mombasa hulazimika kupita kilomita nne na nusu au zaidi, na karibu kila mara hufika likiwa tone la maji. Asumbi iko kati ya milima na ziwa. Haipigwi mara nyingi kama maeneo ya juu, lakini dhoruba iliyopata nguvu milimani inaweza kuifikia kabla mawe hayajayeyuka.

Hatari ni kubwa zaidi katika misimu ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Lakini kwa sababu ziwa hutoa unyevu mwaka mzima, dhoruba za mchana hutokea hata nje ya misimu hiyo.

Mafunzo kutoka sehemu tatu

Sehemu ya kwanza ni Kericho na milima ya Nandi, ambayo ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Chanzo chake ni kilekile: unyevu wa Ziwa Victoria unapandishwa na milima. Wakulima wa chai wa huko hupoteza majani machanga ambayo yangechumwa wiki hiyo, na mmea huhitaji muda kuchipua upya. Watafiti wamechunguza pia sababu nyingine. Mwaka 1982 jarida la kisayansi la Tellus lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vipande vya majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka vinaweza kuwa chembe ambazo maji huganda juu yake, iwapo upepo utavipandisha hadi mawinguni.

Sehemu ya pili ni Busara, karibu na Nyahururu. Mwanzoni mwa Septemba 2008 wakazi waliona mteremko mzima umegeuka mweupe, na wengi waliamini kwamba theluji ilikuwa imeanguka. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa ilikuwa mvua ya mawe. Mawe mengi yalikuwa yameanguka kwa pamoja katika eneo la baridi, yakashikana na kuwa tandiko moja la barafu.

Sehemu ya tatu ni Mwakata, wilayani Kahama, Tanzania, kusini mwa ziwa hilihili. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe iliyoandamana na upepo ilipiga kijiji hicho watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 35 walifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Nyumba nyingi zilikuwa za kuta za udongo, nazo zilibomoka na kuwaangukia waliokuwa ndani. Mwakata iliwafundisha wakazi wa ukanda wa ziwa mambo mawili: dhoruba inaweza kuja usiku, na nyumba inayotegemewa kuwa kimbilio inaweza kuwa ndiyo hatari yenyewe.

Je, mvua ya mawe inaweza kuzuiwa?

Swali hili limeulizwa Kenya kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960, wenye mashamba makubwa ya chai Kericho walijaribu kurusha maroketi mawinguni, kisha wakatumia ndege zilizomwaga chembe za kemikali iitwayo iodidi ya fedha. Lengo lilikuwa kuongeza chembe za barafu ili maji yagawanyike kwenye mawe mengi madogo yatakayoyeyuka njiani. Majaribio kama hayo yamefanywa katika nchi nyingi, lakini ni vigumu kuthibitisha matokeo yake, kwa sababu hakuna ajuaye wingu lilelile lingefanya nini kama lingeachwa. Kuhusu mizinga ya kelele inayouzwa katika baadhi ya nchi ili "kuvunja mawe", Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema haina msingi wa kisayansi.

Wazee wa jamii nyingi za ukanda huu nao walikuwa na njia zao za kusoma mbingu, na ujuzi wao wa kutazama upepo na mawingu bado unafaa. Lakini anayedai malipo ili aelekeze mawe kwenye shamba la jirani hana alichothibitisha. Fedha hizo zingefaa zaidi kununulia misumari ya paa.

Nyumba kabla ya msimu

Kazi ya nyumba hufanywa kabla ya mvua kuanza, yaani Februari kwa ajili ya masika na Septemba kwa ajili ya vuli.

Ukuta wa udongo huanguka kwa sababu umelowa chini. Maji ya paa yakidondoka karibu na msingi, au mtaro ukiziba, sehemu ya chini hulainika na upepo mmoja unatosha kuuangusha. Paa lenye ukingo mpana, mtaro unaopeleka maji mbali, na lipu iliyozibwa nyufa huongeza maisha ya ukuta kwa gharama ndogo. Ukuta ulioinama au wenye ufa unaopitisha kidole unahitaji kukarabatiwa kabla watu hawajaendelea kulala kando yake.

Mabati huuzwa kwa geji, na wanunuzi wengi hukosea hapa: kadiri namba ya geji inavyopungua ndivyo bati linavyokuwa nene. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Bati jembamba hubonyea na kutoboka mapema zaidi, hasa likiwa limeshashika kutu. Misumari iliyolegea ikazwe, na kenchi zifungwe vizuri kwenye kuta, kwa kuwa upepo unaokuja na mawe hung'oa paa kuanzia pembeni.

Mawe pia huziba gata. Maji yakikosa njia hufurika na kurudi ndani ya dari au kumwagika kwenye ukuta. Gata zisafishwe kabla ya msimu, na zikaguliwe tena kila baada ya dhoruba.

Mawe yakianza kuanguka, familia ikae katikati ya chumba, mbali na madirisha na mbali na ukuta dhaifu. Meza imara ni kinga nzuri kwa watoto. Hakuna haja ya mtu kutoka nje kuokoa nguo, vifaranga au gari. Dhoruba nyingi za mawe huisha ndani ya robo saa.

Shule, njia na radi

Saa za dhoruba zinagongana na saa za watoto kwenda nyumbani. Mawingu ya milimani hufika kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni, na wanafunzi wengi wa kutwa huwa njiani saa kumi. Eneo kama Asumbi, lenye shule na chuo cha walimu, huwa na mamia ya vijana barabarani kwa wakati mmoja.

Mvua ya mawe hutoka kwenye mawingu yaleyale yanayotoa radi, na radi huua zaidi kuliko mawe. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliwaua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo, nchini Uganda, wakiwa darasani. Nyanda za Kisii na maeneo yanayopakana nazo hupata radi mara nyingi, na kila msimu mwalimu hulazimika kuamua kama ataachilia watoto au la.

Kanuni ya kumsaidia ni rahisi. Umeme ukionekana, zihesabiwe sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya sekunde 30, dhoruba iko karibu na watoto hawafai kuachiliwa. Wangoje hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wakati wa kungoja wakae mbali na kuta, milango ya chuma na nyaya. Kinga ya radi iliyowekwa na fundi anayestahili ndiyo ulinzi wa kudumu wa jengo la shule. Wazazi nao wakubaliane na shule mapema kwamba mtoto aliyechelewa siku ya dhoruba yuko salama darasani, ili wasimfuate kwa miguu katikati ya mvua.

Mwendeshaji wa boda boda hujaribiwa kukimbilia chini ya mti. Mti mrefu ulio peke yake ni mahali pabaya zaidi pa kusimama. Ni heri kusimama kwenye duka au nyumba iliyo karibu mapema, upepo wa baridi wa ghafla unapoanza kuvuma kutoka upande wa wingu. Upepo huo humaanisha kwamba mvua iko dakika chache tu.

Shambani: subira ya siku saba hadi kumi

Shamba lililopigwa huonekana vibaya zaidi asubuhi ya kwanza. Wakulima wengi hung'oa kila kitu siku hiyo na kukimbilia duka la mbegu. Mara nyingi hilo ni kosa la gharama kubwa.

Mahindi yenye majani yasiyozidi matano au sita bado yana kiini cha ukuaji chini ya ardhi, mahali mawe hayafiki. Majani yote yanaweza kukatika na mmea ukachipua tena. Baada ya siku saba hadi kumi, mkulima apasue mabua machache kwa urefu kwa kisu. Kiini kilicho cheupe na kigumu kiko hai. Kilicho cha rangi ya kahawia na laini kimekufa. Kisha ahesabu mimea hai katika mistari kadhaa. Nusu ya shamba iliyopona na iliyopandwa kwa wakati inaweza kuzaa zaidi ya shamba zima lililopandwa upya mvua ikikaribia kwisha.

Mahindi yaliyopigwa wakati wa kutoa mbelewele ndiyo yanayopata hasara kubwa zaidi, kwa sababu hayana tena muda wa kuotesha majani mapya ya kulisha gunzi. Hapo ni busara kufikiria kuyakata yawe lishe ya ng'ombe na kupanda zao la muda mfupi. Mahindi yaliyokaribia kukomaa yavunwe mapema na kukaushwa vizuri, kwa kuwa punje zilizojeruhiwa huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Punje zenye ukungu hazifai kwa watu wala kwa mifugo.

Maharagwe hufa shina likikatika chini ya yale majani mawili mazito ya kwanza. Likikatika juu yake, huweza kutoa matawi mapya. Viazi vitamu, mihogo na njugu huumia majani lakini chakula kiko ardhini, na hupona vizuri. Sukuma wiki huondolewa majani yaliyochanika na kuachwa ichipue. Nyanya huingiwa na magonjwa kupitia majeraha, na dawa yenye shaba ikipuliziwa mapema husaidia. Lakini hakuna dawa inayorudisha jani lililokwisha kukatika. Mbolea ya kukuzia ingoje hadi majani mapya yaonekane, na palizi isicheleweshwe, kwa sababu magugu hupata mwanga mwingi pale zao lilipovuliwa majani.

Mawe huanguka kwa mistari. Shamba moja linaweza kuisha na la ng'ambo ya barabara likabaki zima. Kwa hiyo familia yenye vipande viwili vya ardhi vilivyo mbalimbali isipande zao moja kwa siku moja kote. Mstari mmoja wa viazi vitamu au mihogo kando ya mahindi ni akiba ambayo mawe hayaifikii.

Bima na kumbukumbu

Serikali ya Kitaifa ilianzisha mpango wa bima ya mazao mwaka 2016, unaopima wastani wa mavuno ya eneo zima. Bima ya aina hiyo husaidia katika ukame, ambao humpiga kila mtu. Mvua ya mawe ikiharibu mashamba ishirini kati ya mia tano, wastani wa eneo hushuka kidogo tu, na walioathirika wanaweza kukosa malipo. Kabla ya kulipia bima yoyote, mkulima aulize maswali matatu: Je, mkataba unataja mvua ya mawe? Nani atapima hasara, na shamba la nani? Taarifa inapaswa kutolewa ndani ya siku ngapi?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini msaada wowote huanza na taarifa sahihi. Picha za shamba na paa zipigwe siku hiyohiyo, kabla ya kung'oa wala kukarabati. Ziandikwe tarehe, saa, ukubwa wa mawe ukilinganishwa na kitu kinachojulikana, na ukubwa wa eneo lililoharibika. Msaidizi wa chifu na afisa wa kilimo wa wadi wajulishwe mapema. Daftari la namna hiyo likitunzwa na kikundi au shule kwa miaka kadhaa, kijiji kitajua miezi na saa zake za hatari kuliko utabiri wowote wa jumla unavyoweza kueleza. Utabiri wa kila wiki wa Idara ya Hali ya Hewa nao usikilizwe redioni, kwa sababu husema ni siku zipi dhoruba zinatarajiwa.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi, mabaraza na shule

1. Katika boma, ni ukuta upi hupata maji mengi zaidi mvua inaponyesha, na maji hayo yanaweza kuelekezwa wapi?

2. Dhoruba ikifika saa kumi jioni, nani katika shule ya karibu ana mamlaka ya kuamua watoto wangoje, na wazazi watajulishwaje?

3. Mahindi yakipigwa yakiwa na majani manne, ni kazi gani ifanywe siku ya kwanza, na ni ipi ingoje hadi siku ya kumi?

4. Ni mara ngapi wazee wa kijiji wanakumbuka pe kuharibu mazao, na ilikuwa miezi ipi? Majibu yaandikwe kwenye daftari leo, yawe mwanzo wa kumbukumbu ya kijiji.